Oscar mbili usiku mmoja, kisha miaka 33 bila filamu

Machi 1947, Harold Russell alipanda jukwaani mara mbili kupokea tuzo ya Oscar kwa uhusika uleule mmoja. Hakuna mwigizaji mwingine aliyewahi kupata hivyo. Russell hakuwa mwigizaji wa kusomea. Alikuwa mkufunzi katika jeshi la Marekani aliyepoteza mikono yote miwili kwa mlipuko mwaka 1944, na katika filamu ya The Best Years of Our Lives alicheza baharia wa kivita anayerudi kwao akiwa na kulabu mahali pa viganja. Tuzo moja ilikuwa ya heshima, kwa kuwatia moyo maveterani wenzake. Wakuu wa Akademia inayotoa Oscar waliiandaa kwa kuwa hawakutarajia ashinde ile ya ushindani. Akaishinda na hiyo, akiwaacha nyuma watu ambao uigizaji ndiyo ulikuwa kazi yao ya miaka yote.

Baada ya hapo mwongozaji wake, William Wyler, alimshauri arudi chuoni, akimweleza kwamba hakuna nafasi nyingi za uigizaji kwa mtu asiye na mikono. Russell akaenda zake Chuo Kikuu cha Boston kusoma biashara.

Kila ninaposikia mjadala wa wasanii wenye ulemavu, ushauri huo hunirudia. Wyler alikuwa na nia njema, na kuhusu soko la siku zile alisema kweli. Lakini yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu wachache waliokuwa na uwezo wa kulibadilisha soko hilo. Tunapenda sana kushangilia anayepata nafasi ya kwanza. Msanii hali kwa nafasi ya kwanza. Anakula kwa ile ya pili, ya tano na ya ishirini, na huko ndiko wenye ulemavu wanakopotelea.

Hoja inayosikika zaidi leo ni kwamba uhusika wa mtu mwenye ulemavu uchezwe na mwenye ulemavu. Wenye hoja hii wana ushahidi mzito. Dustin Hoffman alipata Oscar mwaka 1989 kwa kucheza mtu mwenye usonji, Daniel Day-Lewis mwaka 1990 kwa kucheza mtu mwenye mtindio wa ubongo, Al Pacino mwaka 1993 kwa kucheza kipofu, Eddie Redmayne mwaka 2015 kwa kucheza Stephen Hawking, mwanasayansi aliyepooza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na ulemavu aliouigiza. Kwa hiyo ulemavu ulikuwa njia ya kufika kwenye tuzo, ila kwa wasiokuwa nao.

Marlee Matlin, kiziwi tangu akiwa na miezi 18, ndiye aliyeifanya hoja hiyo iwe na meno. Alishinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1987 akiwa na miaka 21, na mwenyewe amesimulia jinsi mhakiki mmoja alivyodai kuwa amepewa kura za huruma. Miaka mingi baadaye, filamu ya CODA, ambamo alicheza mama kiziwi, ilipokuwa inaandaliwa, wenye fedha walitaka nafasi ya mume wa mhusika wake ichukuliwe na nyota anayesikia. Matlin akasema wakifanya hivyo yeye anaondoka. Filamu ya Kifaransa ya mwaka 2014 ambayo hadithi hiyo ilitokana nayo ilikuwa imewatumia wasanii wanaosikia kucheza wazazi viziwi, kwa hiyo wenye fedha hawakuwa wakibuni jambo jipya. Walikuwa wanafuata desturi. Nafasi ilikwenda kwa Troy Kotsur, kiziwi aliyekuwa amehangaika kwenye majukwaa kwa miaka mingi. Filamu ilinunuliwa kwa dola milioni 25, na mwaka 2022 ikachukua Oscar zote tatu ilizowania, ikiwemo ya filamu bora na ya Kotsur. Kati ya Oscar ya Matlin na ya kiziwi wa pili kuipata ilipita miaka 35.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Waigizaji wengi husema, na nadhani kwa haki, kwamba kazi yao ni kuwa mtu ambaye sio wao. Mtayarishaji naye ana hesabu zake. Filamu ndogo hupata fedha kwa jina la nyota, na watu wenye ulemavu hawajapewa nafasi ya kuwa nyota, kwa hiyo hawapati nafasi. Sioni njia ya kuukata mzunguko huo bila mtu mmoja kukubali hasara ya kwanza. Kwa CODA hasara iliyohofiwa haikutokea, ila filamu moja haitoshi kumwambia mwenye fedha kwamba hofu yake haina msingi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kitu kingine. Tukisema mwenye ulemavu ndiye pekee acheze mwenye ulemavu, mtayarishaji anaweza kuisikia kinyume: mwenye ulemavu acheze mwenye ulemavu tu. Na hadithi za aina hiyo ni chache. Kwa miaka mingi zimekuwa na sura mbili, za mtu anayetamani kufa na za mtu anayewafundisha wengine kushukuru. Mwigizaji atakula nini katikati? Peter Dinklage, mwigizaji mwenye kimo kifupi, alijijenga kwa kukataa nafasi za vibwengo na vichekesho vya watu wafupi, hata alipokuwa hana fedha. Game of Thrones, tamthilia iliyompa tuzo nne za televisheni za Emmy, iliandika kimo chake waziwazi, lakini ilimpa pia akili, siasa, tamaa na makosa ya kutosha kujaza misimu minane. Mwigizaji Daryl Mitchell alipooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 2001, na mwaka uliofuata akapata nafasi katika tamthilia ya Ed kama msimamizi wa ukumbi wa mchezo wa boling. Mtu alikuwa kazini kwake, ameketi kwenye kiti mwendo, na hadithi inaendelea. Nafasi kama hiyo haimpi mtu Oscar, lakini inamlipia kodi ya nyumba mwezi hadi mwezi.

Lakini hata nafasi zikiandikwa, kuna mambo ya mpangilio wa kazi ambayo mijadala ya heshima huyaruka. Matlin amefanya kazi na mkalimani wake, Jack Jason, kwa zaidi ya miaka 30. Bila mkalimani hakuna usaili, hakuna mazoezi, hakuna mazungumzo ya mkataba, na huyo mkalimani analipwa. Mwaka 2019 Ali Stroker alikuwa mwigizaji wa kwanza anayetumia kiti mwendo kushinda Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani ya Marekani. Jina lake lilipotajwa hakutokea miongoni mwa watazamaji kama wenzake, kwa sababu hapakuwa na rampu ya kupanda jukwaani kutoka kule. Ilibidi asubiri nyuma ya pazia. Rampu ni mbao na misumari. Waliokuwa wamepanga taa, maua na kamera kwa miezi hawakuifikiria, na hilo linaniuma kuliko maneno ya mhakiki yeyote.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ni kifungu kizuri kwa kiwanda na kwa benki. Mwigizaji wa Bongo Muvi haajiriwi hivyo. Anaitwa kwa simu, anashuti siku kadhaa, anapewa chake, na seti inavunjwa. Asilimia haina pa kushikia. Huku bado ni kawaida mtu mzima wa viungo kuchechemea mbele ya kamera ili watu wacheke.

Kuna jambo moja ambalo rampu na kifungu cha sheria haviliwezi, nalo ni mwili unaobadilika. Mwigizaji Michael J. Fox aligunduliwa kuwa na Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mwili, mwaka 1991, akiwa na miaka 29. Kwa miaka saba alificha. Alipanga saa ya kumeza vidonge ili mwili utulie wakati kamera inawaka, na alishika kitu mkononi ili mtetemo usionekane. Alitangaza hali yake mwaka 1998 na kuacha tamthilia yake mwaka 2000. Wengi tulidhani basi tena. Akarudi, na mwaka 2010 akaingia katika tamthilia ya The Good Wife kama wakili ambaye mwili wake haumtulii, na ambaye bila aibu anautumia ugonjwa wake kuwalainisha wazee wa baraza mahakamani. Ni mhusika mjanja, wakati mwingine mbaya kabisa, na alimpa Fox uteuzi wa Emmy zaidi ya mara moja. Mtetemo aliouficha miaka saba ukawa sehemu ya ufundi wake. Halafu mwaka 2020 akatangaza kustaafu tena, safari hii kwa sababu kumbukumbu ilikuwa haishiki tena mistari.

Anayesema kila kizuizi ni ubaguzi, hapo ana la kujibu. Ila tuangalie tarehe. Kati ya kugunduliwa na kustaafu huko kuna miaka 29 ya kazi, pamoja na mapumziko yake. Angepewa ushauri wa Wyler mwaka 1991, na akaufuata, tusingemwona yule wakili. Ukomo wa mwili ulikuwapo kweli, lakini ulikuwa mbali sana na pale soko lilipouchora.

Russell hakukatwa na ukomo wa mwili. Mikono yake ilikuwa vilevile mwaka 1947 na mwaka 1980, alipoitwa tena kwenye filamu akiwa na miaka 66. Uhusika aliopewa ulikuwa wa mtu mwenye kulabu. Mwaka 1992 aliiuza Oscar yake ya uigizaji kwa dola 60,500, akieleza kwamba anahitaji fedha za matibabu ya mkewe. Ile ya heshima alibaki nayo.