Jiwe likichomwa halijawa bandia

Mweke mtu wa Dodoma mbele ya pete ya rubi au tanzanaiti, na kabla hajauliza bei atauliza kwa sauti ya polisi: "Hili limechomwa?" Muuzaji akikiri, biashara imekufa. Kuuliza ni haki yake. Hukumu inayofuata, kwamba jiwe ni bandia, ndiyo yenye kasoro.

Tanzanaiti ndiyo inayoonewa zaidi. Sehemu kubwa yake huchimbwa Mirerani ikiwa na rangi ya kahawia. Ikiingia kwenye tanuru la nyuzijoto 500 hadi 600 hivi, kahawia inaondoka na bluu inajitokeza. Hakuna rangi iliyopakwa. Bluu hiyo chanzo chake kikuu ni vanadiamu iliyokuwamo ndani tangu mwanzo. Haifutwi na jasho wala haififii juani. Mara nyingi hata maabara haiwezi kusema kama jiwe lilichomwa na fundi au na joto la ardhi lenyewe. Karanga za Kongwa zikikaangwa hakuna anayeziita bandia. Anayekataa tanzanaiti iliyochomwa amekataa karibu bluu yote iliyoko sokoni, na sijui atanunua nini.

Kwenye rubi, wanaolalamika wana hoja nzito. Winza, wilayani Mpwapwa, ilipata jina duniani kuanzia mwishoni mwa 2007 kwa sababu baadhi ya rubi zake zilitoka shimoni nyekundu safi, zisihitaji moto. Jiwe la namna hiyo ni adimu, na bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya lililochomwa lenye sura ileile. Anayeuza lililochomwa kwa bei ya lisilochomwa ni mwizi. Hapa maabara husaidia: joto kali huharibu vijinyuzi vilivyomo ndani ya rubi, na mtaalamu mwenye hadubini mara nyingi huona dalili hizo. Kwa rubi ya bei kubwa, cheti si anasa.

Ila mwizi huyo kosa lake ni kuficha. Na woga wa moto unawafanya wanunuzi wengi wasahau swali kubwa zaidi: je, jiwe limejazwa?

Tangu miaka ya 2000, rubi duni zilizojaa nyufa zimekuwa zikijazwa kioo chenye madini ya risasi. Nyufa zinapotea machoni, jiwe linang'aa, na mnunuzi anafurahia bei. Kisha pete inalegea, anaipeleka kwa sonara kuiunga. Moto wa kuungia unakiharibu kioo kile. Tindikali ya kusafishia dhahabu inakila, nyufa zinarudi zikiwa nyeupe kama utando wa buibui. Hata maji ya limau, ambayo wengi husafishia vito nyumbani, yanaweza kukitoboa. Sonara wa watu anaitwa mharibifu, wakati jiwe liliharibika kabla halijafika kwake. Rubi iliyochomwa tu, isiyojazwa, haina balaa hilo. Ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, sawa na isiyochomwa, na sabuni laini, maji ya vuguvugu na mswaki vinaitosha. Kabla ya kununua, igeuzegeuze chini ya taa: kimulimuli cha bluu ndani ya nyufa, au vipovu, vikutie shaka.

Wanaoabudu "asilia" nawapa krisopresi, kito cha kijani cha Haneti, hapa hapa Chamwino. Kijani chake kinatokana na nikeli, na huuzwa bila kuchomwa. Sasa iache dirishani kwenye jua la Dodoma muda mrefu: inaweza kupauka. Jiwe lisiloguswa na moto linapoteza rangi, lililochomwa linabaki nayo!

Vumbi letu nalo halijali cheti. Lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, na tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Ukiifuta pete kavu kwa kanga baada ya kutoka barabarani, unaisugua kwa mchanga. Isuuze kwanza, na isipelekwe kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo. Tanzanaiti hupasuka kwa mtikiso na kwa joto linalobadilika ghafla.

Dukani, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kama jiwe limechomwa, na kama limejazwa, vitu viwili tofauti. Akiandika la kwanza bila kusita na kuanza kuzungukazunguka kwenye la pili, mrudishie jiwe lake.