Huku wananipa karatasi, kule wananitaja jina

Bandugu, hamjambo. Niko na jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili na nataka nilitoe kabla Kwaresima haijaanza, sababu ikianza nimeahidi kupunguza maneno (mke wangu amesoma hapo, amecheka mpaka amekaa chini).

Mimi ni mtoto wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nimekulia mtaa wa Kadutu, nimebatizwa Anglikana, na sasa ni mwaka wa kumi na moja niko Uingereza, kwenye mji mmoja wenye katedrali ya zamani sana, mawe yake yana zaidi ya miaka 900. Nikiongea na wenzetu wa diaspora wimbo ni ule ule, eti makanisa ya Wazungu yamekufa, ni jumba la makumbusho tu, wazee ishirini na baridi. Nikiongea na watu wa nyumbani nao wako na wimbo wao, eti weye uko na bahati, uko kwa mama mwenyewe wa Anglikana, huko kila kitu kiko sawa. Wote wananichosha. Wazee ishirini wapo, baridi ipo, na mambo mengi kweli yako sawa, lakini kwangu mimi tofauti kubwa haiko hapo. Iko kwenye matangazo.

Ndiyo, matangazo, yale ya mwisho wa ibada, ambayo nikiwa mtoto nilikuwa nayachukia kuliko hata mahubiri.

Kwetu matangazo ni ibada ya pili. Katibu anasimama na daftari lake, anakohoa, anavaa miwani, na hapo ujue chakula cha mchana kimesogea. Nani amefiwa, nani amejifungua, korali ya vijana mazoezi ni Jumatano na wale wanaochelewa wanajijua, watoto wa kipaimara waje na cheti cha ubatizo, wamama wa Mothers' Union, kile chama cha wamama Waanglikana, Alhamisi wanapanda hospitali ya Panzi kumuona mama fulani aliyepasuliwa kwa hiyo kila mmoja abebe kilo moja ya unga. Halafu ndoa. Mwezi huu wa pili ndoa zinafuatana kama mabasi ya Nyawera asubuhi, sababu Kwaresima ikiingia kwetu hakuna kufunga ndoa mpaka Pasaka, kwa hiyo kila familia inakimbizana na kalenda, mahari haijaisha, kamati haijakaa, mvua inanyesha, barabara ni tope tupu, na bado majina lazima yasomwe Jumapili tatu, mwenye kizuizi aseme. Na kanisa lote linageuza shingo kumtafuta binti alipokaa. Masikini anataka benchi limmeze.

Huku ukiingia mlangoni kuna mzee mmoja mwenye beji, anatabasamu, anakupa karatasi. Kila kitu kiko mle. Hii ya Jumapili niko nayo mezani: tarehe 2 Februari walikuwa na ibada ya mishumaa, ile ya Bwana kupelekwa hekaluni, wiki ya likizo fupi ya shule watoto wanakuja kutengeneza vitu vya udongo, kuna tamasha la kinanda, kuna vikundi vya kusoma pamoja wakati wa Kwaresima unajiandikisha kwenye intaneti kabla nafasi hazijaisha, Jumanne tarehe 17 ni chapati, Jumatano tarehe 18 ni Majivu, ibada tatu, asubuhi, mchana na jioni, chagua inayokufaa. Mambo ya mwezi wa sita yameshapangwa! Mimi mtu wa Bukavu napanga mwezi wa sita namna gani.

Na hakuna jina la mtu. Angalia vizuri, majina yaliyomo ni ya mapadri na ya yule anayepiga kinanda. Wagonjwa wanaombewa, lakini jina la kwanza tu, tena kwa ruhusa yao. Hiyo karatasi inakuambia mlango uko wazi, karibu. Haikuambii kwamba usipokuja kuna mtu atauliza.

Nilijifunza hilo kwa njia mbaya mwaka wangu wa pili hapa. Nilishikwa na mapafu mwezi wa kwanza, wiki tatu nzima kitandani, na kila siku nasikiliza mlango. Kwetu siku ya tatu tu wamama wangekuwa wamejaa nyumbani, wanaimba, wanaosha vyombo vyangu bila kuniuliza, mwingine anakemea kwa nini sijaoa. Huku kimya. Nilikasirika bandugu, nikaapa sirudi. Halafu posta ikaleta kadi yenye picha ya ndege, imeandikwa kwa mkono unaotetemeka, "Kiti chako kimekuwa kitupu Jumapili tatu." Ilikuwa ya mama mmoja mzee anayekaaga nyuma yangu, ambaye hatujawahi kusema zaidi ya amani iwe nawe. Alikuwa amehesabu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile kadi njo ilikuwa hodi yake, na kwamba kwa desturi yao kuja kubisha mlango wa mgonjwa bila kuitwa ni kumvunjia heshima. Bado naona ni desturi ya ovyo, nasema ukweli. Lakini si kwamba hawajali.

Jumanne ya chapati nayo nimeielewa polepole. Mwaka wa kwanza niliona imeandikwa karamu ya chapati, basi mimi kwa akili za nyumbani, karamu ikitangazwa kila mtu anabeba kitu, nikapika usiku kucha, chapati zetu zile za kukunja, sufuria nzima na maharage juu. Nafika, mama mmoja mpole ananiuliza kama kuna njugu, kama kuna gluteni, kama kuna maziwa, nikamjibu mama kuna unga na mafuta na mkono wangu. Ikabidi niandike kikaratasi cha viungo niweke kando ya sufuria. Walikula yote, sufuria ilirudi tupu, tena wakaniuliza nimejifunza wapi. Za kwao ni nyembamba, laini, wanatia ndimu na sukari. Maana yake ni kwamba zamani Kwaresima ilikuwa hairuhusu mayai, maziwa wala mafuta, kwa hiyo Jumanne walikuwa wanamaliza vilivyobaki jikoni, na hilo jina la siku yenyewe, Shrove Tuesday, linatokana na neno la zamani la kuungamisha watu dhambi. Mji mdogo wa Olney wanawake wanakimbia mpaka kanisani na kikaango mkononi, wanasema mbio hizo ni za tangu 1445. Nilimsimulia mama yangu kwa simu, akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa bo banamaliza mafuta ku makusudi? Huku mafuta inajimaliza yenyewe."

Nilikosa la kujibu.

Kuna kitu kingine wengi hawajui. Yale majivu ya Jumatano yanatoka kwenye misalaba midogo ya makuti ya mwaka uliopita, watu wanairudisha kanisani inachomwa. Na hiyo misalaba, makanisa mengi ya Uingereza yananunua ile inayosokotwa kusini mwa Tanzania, upande wa Masasi, vijijini. Kwa hiyo Mwingereza anapopakwa majivu usoni na kuambiwa wewe ni mavumbi, yale mavumbi huenda yamesokotwa na mtu ambaye alikuwa anapiga stori kwa Kiswahili. Siku nilipojua hilo niliangalia mafuatano ya watu mbele ya padri kwa jicho lingine kabisa. Kwetu hatununui makuti, watoto wanapanda wanakata, wanapigana nayo njiani, tunafika Jumapili ya Matawi nusu imevunjika.

Sasa nisije nikaonekana nasifia kwetu tu. Karatasi iko na faida zake. Hesabu ya mwaka hapa inachapishwa, unasoma sadaka imeingia ngapi, paa limekula ngapi, mpaka bei ya kupasha joto jengo. Nimewahi kuchangia bati za kanisa moja ambalo sitalitaja, nikachangia tena, nikachangia mara ya tatu, na niliporudi kutembea nikakuta turubai. Ningeuliza ningeitwa mtoto wa Ulaya mwenye kiburi. Halafu kutajwa jina nako kunaumiza, tusidanganyane, nakumbuka katibu akisoma nani ametoa dola kumi na nani ametoa mia tano za franka, na yule wa mia tano alikuwa baba yangu, aliyekuwa hajalipwa miezi. Alisimama wima kama askari. Karatasi haiwezi kumfanyia mtu hivyo.

Lakini mwaka jana njo nilielewa daftari lile ni la nini.

Mnakumbuka Februari 2025. Goma ilikuwa imeanguka mwisho wa Januari, halafu tarehe 16, Jumapili, waasi wa M23 wakawa katikati ya Bukavu. Mtandao unakuja unakatika, mama hapokei, dada hapokei, mimi niko kazini nasukuma vitanda vya wagonjwa na simu mfukoni kama jiwe. Siku nne. Baadaye nikaja kujua kwamba wamama wa Mothers' Union walipita mlango kwa mlango, Kadutu yote ya kwao, wanaandika nani yupo, nani amevuka mto Ruzizi, nani hajulikani, na Jumapili iliyofuata katibu alisimama na daftari akasoma majina. Hakuna ndoa, hakuna mazoezi ya korali, majina tu, na kila jina watu wanaitika "yupo" au wananyamaza. Mama yangu alikuwa yupo. Kile chama kilianzia hapa Uingereza mwaka 1876, na mama mmoja mke wa padri, na huku kwetu mjini wamebaki wachache wenye mvi, wanakunywa chai. Ningependa waone kilichotoka kwenye mikono yao.

Na huku? Jumapili ile ile niliyokuwa sijui chochote, mzee mmoja alisimama kuongoza maombi, akataja Kongo, akataja mji wa "Bukáva". Alikosea vibaya. Nililia mpaka pua. Miaka 900 yale mawe yamesikia majina ya wafalme na maaskofu, siku ile yalisikia letu, hata kama lilivunjika njiani. Mama wa kadi, pale nyuma, aliniwekea mkono begani bila neno, na akautoa haraka, kama amekosea.

Kwa hiyo msiniambie kanisa hili limekufa. Wala msiniambie liko sawa. Nilimwendea padri wetu mwezi uliopita nikamuomba dakika tano tu za matangazo ya mdomo, ya kutaja watu, mwenye kutaka atajwe. Alisema watalipeleka kwenye kamati. Kamati inakaa mwezi wa tano.

Nyumbani Jumatano hiyo ya tarehe 18 itakuta Ramadhani nayo inaingia karibu siku moja, kwa hiyo mjini mzima watu watakuwa na njaa ya hiari juu ya ile isiyo ya hiari. Binti ya mjomba anafunga ndoa Jumamosi tarehe 14, wamebana kweli kweli. Mchango wangu nimetuma kwa simu, maana tangu benki zifungwe mwaka jana hakuna njia nyingine, na mama amenihakikishia nitasomwa, "mtoto wetu wa Ulaya," mbele ya watu wote. Nimemwambia aseme kiasi kisitajwe. Amekataa.

Dada yangu ananirekodiaga matangazo kwa WhatsApp, nayasikiliza kwenye basi nikienda kazini. Ya Jumapili yalikuwa dakika thelathini na nane. Ndoa nne, msiba mmoja, mtoto mmoja amepatikana na mwavuli usio wake, na tangazo la mwisho ni kuhusu sufuria kubwa mbili za kanisa ambazo zilitoka siku ya Noeli na hazijarudi mpaka leo. Katibu amesema anajua ziko mtaa wa Nguba. Basi kama unasoma hapa na weye ni wa Nguba, tafadhali, harusi ni tarehe 14.