Wakili Msomi na Mtaro wa Shangazi

Miaka 14 nimekula vumbi la saiti. Nimemwaga zege Bahi, nimepima barabara Kongwa, nimelala kwenye kontena Manyoni pamoja na nge wawili ambao mpaka leo sijui kama walikuwa mke na mume. Halafu siku moja, kwenye kikao cha mkandarasi na mteja, tumebishana masaa 3 nani alipe gharama za kuchelewa, akaingia kijana wa tai, rika la mdogo wangu wa mwisho. Akafungua mkataba, akasoma kifungu kimoja, akaufunga. Kikao kikaisha. Chai yake hata haijapoa.

Nikasema moyoni: kumbe kazi ndiyo hii.

Nilipomwambia mama naenda kusomea sheria, aliuliza neno moja tu: "Umefukuzwa?"

Basi nikaanza mwaka wa kwanza nina miaka 38, masomo ya jioni, hapa hapa Dodoma. Wenzangu darasani wananiita Baba Mdogo. Insha ya kwanza ilihusu kesi ya 1932 ya yule mama wa Uskoti aliyekunywa soda ya tangawizi, kumbe ndani ya chupa mna konokono aliyeoza. Wenzangu waliandika kurasa sita sita. Mimi nilichora chupa, nikaweka vipimo, nikaonyesha kwa mshale konokono alikaa wapi. Mwalimu akanirudishia na wino mwekundu: "Mchoro mzuri. Hoja iko wapi?"

Kesi iliyonilewesha kabisa ni ya Rylands na Fletcher, ya 1868. Mwenye kinu mmoja huko Lancashire, Uingereza, aliwapa mainjinia na makandarasi kazi ya kumjengea bwawa. Wakakutana na mashimo ya mgodi wa zamani, hawakuyaziba sawasawa. Bwawa lilipojazwa, maji yakapita humo humo yakaenda kuzamisha mgodi wa jirani. Majaji wakasema ukikusanya kwenye ardhi yako kitu cha hatari kikatoroka, utalipa, hata kama mzembe si wewe. Darasa zima linasinzia, mimi nimesimama. Bwawa! Mashimo! Maji yanayotafuta njia! Niliona kesi imeandikwa kwa ajili yangu.

Wiki ile ile shangazi akapiga simu. Dodoma mvua hazivuki sana milimita 600 kwa mwaka, lakini zikiamua kuja zinakuja zote na madeni yake. Mtaro wa jirani ulikuwa umeleta maji mpaka sebuleni kwake, uwele wote uliokuwa kwenye magunia umeota.

"Mwanangu, si unasoma sheria?"

"Shangazi, huyo jirani amekwisha."

Tukaenda baraza la kata. Nilivaa suti ya harusi yangu, ambayo sasa kifungo chake kinafanya kazi ya nondo. Nikajitambulisha kama msomi. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mpole, akaniambia mawakili hawaruhusiwi pale, ila ndugu anaweza kumsemea ndugu yake. Tena akanikumbusha kwamba tangu sheria ibadilishwe 2021, mambo ya ardhi wao wanapatanisha tu, hawatoi hukumu. Hilo la hukumu liliniuma, maana nilikuwa nimeshaiandika.

Nikamwaga Rylands yote. Nikamwaga na Kilatini kidogo. Wajumbe wakawa wanatazama dari.

"Ndugu Mwenyekiti, aliyejenga mtaro ule, kama aliwahi kushika pima maji, basi aliitumia kusukumia chapati. Mtu yule ni hatari kwa jamii!"

Shangazi akapiga kigelegele. Akaambiwa hapa si ukumbini.

Jirani, mzee mtaratibu wa Kondoa, akanyoosha mkono. "Mimi nyumba nimeinunua na mtaro wake umo. Nikishamlipa huyu mama, mimi namdai nani?"

"Aliyejenga!" nikasema. "Mzee wangu, msake popote alipo, usimwonee huruma."

Akaandika kwenye daftari lake. Nilimwona akipigia mstari.

Wangeniacha hapo ningerudi nyumbani shujaa. Ila ni mimi mwenyewe niliyeomba baraza lote likaone eneo la mgogoro. Nikabeba futi na pima maji yangu ya zamani. Kweli, mtaro ulikuwa unashuka sentimita 3 kwa kila mita 3, kuelekea kwa shangazi. Nikachukua chepe nikwangue tope mwishoni, waone zege lilivyo bovu.

Herufi zikaanza kutoka, zile zinazoandikwa kwa msumari zege likiwa bichi. Mwenyekiti akainama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani: "INJ. J. M. 12/8/2010."

Kimya.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi, niko likizo. Kuna bwana alinipa shilingi 80,000 nimsimamie mtaro porini, njia ya Ihumwa. Naapa, palikuwa na mbuyu mmoja na mbuzi. Serikali ilipohamia Dodoma pori likawa mtaa, mbuyu ukaondoka, nami nikapasahau. Halafu hiyo "INJ." nilijipa mwenyewe, wakati sheria ya usajili wa wahandisi ya 1997 inakataza asiyesajiliwa kujiita hivyo. Yaani nilikuwa nimetia sahihi makosa mawili kwenye zege.

Nilikuwa bado nina nafasi ya kunyamaza. Herufi mbili si ushahidi. Lakini shangazi naye akainama.

"Hii J ya mkia si ndiyo ile ya kwenye daftari la michango ya harusi ya binti yangu? Uliyoahidi laki moja mpaka leo hujatoa?"

Mwenyekiti akanigeukia taratibu. "Yule injinia wa Uingereza, naye alikuja barazani kumsemea shangazi yake?"

Upatanisho ulichukua dakika kumi. Mifuko 9 ya saruji, mchanga, kokoto na kibarua, vyote juu yangu. Kibarua ni mimi. Jumamosi mbili nimechimba, na ugali wa uwele na mlenda wa shangazi ulipitia kwa mzee jirani kwanza, mimi nikaletewa uliobaki.

Nilipomaliza, mzee akaja na kiti chake. Akaomba pima maji, akailaza juu ya zege, akaitazama muda mrefu.

"Mbona kipovu kinakwenda kwa shangazi yako?"

"Ndivyo inavyotakiwa, mzee. Kipovu kinapanda, maji yanashuka. Kipovu kikienda kule, maji yanakuja huku, yanaingia korongoni."

Akaitazama tena. Kisha akatoa daftari lake, akalifungua kwenye ule ukurasa wenye mstari, akanipa na kalamu.

"Andika hivyo hivyo, msomi. Na ile J uweke na mkia wake."