Fungua feni kabla ya kuizika kompyuta

Binamu yangu alinipigia simu akiwa ameshakata tamaa. Kompyuta yake ya mezani, ile anayohariria video za harusi, ilikuwa inazima ghafla kila ikifanya kazi kwa dakika 15 hivi. Fundi aliyeitazama aliipuliza kwa blowa, akaweka Windows upya, na ilipozima tena akatoa hukumu: ubao mama, ule unaounganisha vipuri vyote, umekufa, tafuta mashine nyingine. "Kaka, nimeshaanza kuweka akiba ya kununua nyingine," akaniambia. Nikamsihi asinunue chochote mpaka nifike.

Nilipofungua kasha sikuona cha kutisha. Vumbi lilikuwepo kidogo kwenye pembe, basi. Lakini nilipolegeza skrubu nne za feni ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kuinyanyua, ugonjwa ulikuwa pale pale chini yake: mkeka wa kijivu, mnene kama kipande cha blanketi kuukuu, umelala juu ya mapezi ya alumini ya bamba linalopoza prosesa na kuziba kila upenyo. Niliushika kwa vidole ukabanduka mzima. Ile blowa ilikuwa imepuliza kutoka juu, ikaukandamiza mkeka uzidi kushikamana na mapezi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo ambao siuachi: kompyuta iliyofunguliwa kasha bila kufunguliwa feni ya prosesa haijasafishwa. Imepanguswa tu.

Tazama vumbi lenyewe linavyofanya kazi. Vumbi la ndani ya nyumba limechanganyika na nyuzi za nguo, mazulia na mapazia, nywele, chembe za ngozi na udongo mwembamba. Nyuzi ndizo hutangulia. Feni huzivuta, nazo hunasa kwenye kingo za mapezi kama majani makavu yanavyonasa kwenye wavu. Zikishanasa, zinakuwa wavu mpya wenye matundu madogo zaidi, na sasa hata chembe ambazo zingepita zinakwama. Ndiyo maana kompyuta inaweza kukaa muda mrefu salama, halafu ikaanza kusumbua kana kwamba imerogwa. Uzibaji wenyewe ulianza zamani. Kilichobaki kilikuwa tundu la mwisho kufungwa.

Prosesa nayo ina njia ya kujilinda. Nyingi zina kikomo cha joto kati ya nyuzi 90 na 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo hupunguza kasi yake yenyewe, na joto likizidi kupanda mashine hukata umeme mara moja. Kwa hiyo dalili ya kwanza ya vumbi mara nyingi ni uzito: programu zinachelewa kufunguka, video zinakwamakwama, feni inavuma kwa nguvu hata ukiandika barua tu. Watu wakiona hivyo wanasema ni virusi. Wanafuta mafaili, wananunua RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), wanaweka programu upya, na muda wote huo joto halina pa kutokea. Inaniuma sana kuona mtu akitumia fedha zake kwa tatizo ambalo brashi ya rangi na nusu saa vingelimaliza.

Nasema brashi ya rangi kwa makusudi. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni brashi ndogo mpya yenye nywele laini, ambayo haijawahi kugusa rangi. Inalegeza vumbi lililoganda, kisha hewa inalitoa. Hewa peke yake, hata iwe na nguvu kiasi gani, hushindwa na vumbi lililonata, hasa pale ambapo watu huvuta sigara au mashine iko karibu na jiko, kwa kuwa moshi na mafuta hulifanya liwe kama gundi.

Kabla ya yote, zima mashine, chomoa waya wa umeme, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, na urudie mara kwa mara. Umeme tuli ni hatari ya kweli, ingawa watu huuchukulia kama hadithi za mafundi. Ule mshtuko mdogo unaousikia ukigusa kitasa cha mlango huwa na volti zipatazo 3,000 au zaidi, lakini baadhi ya vipuri vya kompyuta vinaweza kuharibiwa na volti zisizofika 100. Unaweza kuua kipuri usihisi chochote kidoleni. Kwa sababu hiyo hiyo sikubali kifyonza vumbi cha nyumbani kiingizwe ndani ya kasha: vumbi linavyopita kwa kasi kwenye mdomo wake wa plastiki, linaujaza umeme tuli.

Sasa feni. Kuna mchezo ambao nadhani kila aliyewahi kushika blowa ameufanya: kuielekeza kwenye feni na kuiacha izunguke mpaka ipige mluzi. Tafadhali acheni. Feni inazungushwa kupita kasi iliyotengenezewa, beringi zinaumia, na kama bado imechomekwa kwenye ubao mama, mota yake inageuka jenereta na kurudisha umeme kule ambako haukupaswa kwenda. Ishike kwa kidole isizunguke, kisha upulize.

Ukitumia kopo la hewa iliyobanwa, lishike wima. Ukilipindua, kimiminika kilicho ndani hutoka kikiwa baridi kali na kuacha unyevu juu ya vipuri. Kupuliza kwa mdomo ndiyo kabisa usijaribu, maana unatema mate hata kama huyaoni.

Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, niipitie kwa haraka: usiifungue. Kapasita zake, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme mwingi hata baada ya kuchomolewa. Ipulizie kupitia matundu yake ukiwa nje, inatosha.

Je, pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na bamba la kupozea ibadilishwe? Kama umenyanyua feni peke yake na bamba limebaki mahali pake, haina haja. Lakini ukishalitoa bamba lenyewe, hata kwa bahati mbaya, usilirudishe juu ya pesti ile ile iliyokauka. Ifute kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha weka tone jipya ukubwa wa punje ya mbaazi. Na usilivute bamba kwa nguvu. Washa mashine kwanza ipate joto kidogo, izime na uchomoe, halafu lizungushe bamba taratibu kushoto na kulia mpaka liachie. Pesti kavu imewahi kung'oa prosesa pamoja na bamba, pini zikapinda.

Kuhusu kuzuia vumbi, mimi nina ushauri mmoja tu ninaouamini kwa moyo wote: ondoa kompyuta sakafuni. Nyuzi na nywele hutambaa chini, na kila hatua ya mguu huzirusha. Ukiinyanyua hata kiasi cha kimo cha kiti, tofauti utaiona utakapoifungua tena. Vichujio vya mbele ni vizuri, ila kichujio kisichooshwa kinaziba hewa vile vile kama ule mkeka.

Kompyuta ya binamu yangu ilikuwa inafika nyuzi 98 kabla ya kuzima. Baada ya kuisafisha tuliipa video ya saa nzima iichakate, tukakaa tunatazama namba kwenye skrini: 66, 68, ikasimama 69. Alichukua kipande cha plasta, akaandika tarehe ya siku ile, akakibandika upande wa ndani wa mfuniko wa kasha. Sasa kuna vipande vitatu, kimoja chini ya kingine.