John Hawkes na sauti inayovuta kiti

Mvua ya jioni ikianza kupiga mabati Kisumu, mazungumzo hukatika. Siku tulipoitazama filamu ya Martha Marcy May Marlene katika chumba cha ghorofani kule Kondele, mvua ilishuka kabla hata nusu saa ya kwanza haijaisha. Tulikuwa watu 17, projekta ya kuazima na spika moja. Wahusika wengine tuliwasikia bila shida. Lakini kila Patrick, kiongozi wa kundi anayeigizwa na John Hawkes, alipofungua kinywa, maneno yake yalimezwa na kelele za mvua, kwa kuwa ni mtu anayesema kama anayekunong'oneza wewe peke yako. Hapo watu wakaanza kusogeza viti vyao vya plastiki mbele, mmoja baada ya mwingine, bila kuambizana. Tulipofika kwenye wimbo anaouimba, safu ya nyuma ilikuwa tupu.

Katikati ya wimbo huo huo, dada mmoja aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka nje kwenye mvua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana, kwanza na wenzangu, kisha na nafsi yangu, kuhusu swali aliloniachia. Je, mwigizaji ana haki ya kumfanya mtu wa aina hii apendeze?

Kwa ambaye hajaiona, hadithi ni fupi. Martha, msichana aliyeigizwa na Elizabeth Olsen, anatoroka shamba moja katika milima ya Catskill, jimbo la New York, ambako kundi la vijana linaishi chini ya mwanamume anayeitwa Patrick. Anakimbilia kwa dada yake Lucy, kwenye nyumba iliyo kando ya ziwa, na filamu inaruka kati ya nyumba hizo mbili bila kubisha hodi, hadi wewe mtazamaji unachanganyikiwa kama yeye. Sean Durkin, aliyeiandika na kuiongoza, alipewa tuzo ya uongozaji katika tamasha la Sundance mwaka 2011. Patrick ni John Hawkes, mwanamume mwembamba wa makamo mwenye uso wa mkulima aliyechoka. Hana umbo la kutisha, wala hana sura ya nyota wa sinema.

Wanaompinga wana hoja nzito, na sitaki kuzipita mbio mbio. Hoja ya kwanza ni kwamba filamu inampa Patrick wimbo, gitaa, mwanga laini na muda wa kutosha, huku wanawake wa shamba lile wakibaki karibu bila historia. Hatujui walitoka wapi wala mama zao wanawatafuta vipi. Ya pili ni kwamba yeye mwenyewe hatujui alianzaje, na mtu asiye na mwanzo hugeuka kuwa kama mzimu, na mzimu huvutia. Ya tatu ndiyo inayouma hapa kwetu. Tumefukua zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa kanisa moja na watoto wao katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, tangu Aprili 2023. Kesi ya mhubiri anayeshtakiwa, Paul Mackenzie, ambaye amekana mashtaka, imekuwa ikitafuna nyoyo za watu. Katika nchi hiyo hiyo, wanasema, kukaa gizani ukimsikiliza mtu wa aina ile akiimba vizuri ni kuchezea kidonda kibichi. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alisema waziwazi kwamba afadhali Patrick angeigizwa kwa macho mekundu na meno nje, ili mtoto wa shule akimwona ajue mara moja: huyu ni mbaya, kimbia.

Hapo ndipo ninapoachana naye.

Tukimpa Patrick macho mekundu, tutakuwa tumemfundisha mtoto huyo uongo. Tutakuwa tumemwambia kwamba hatari ina sura yake, kwamba akikutana nayo ataitambua, na kwamba wale waliofuata hawakuwa na akili. Watu wazima waliokwenda Shakahola waliuza mali zao, wengine waliacha kazi, wakasafiri kwa nauli zao wenyewe kutoka pembe mbalimbali za nchi, wakiwa wamewashika watoto mkono. Watoto hawakuchagua. Wakubwa walichagua, na mtu hachagui kitu kinachomtisha. Walisikia jambo zuri. Idadi ile ya miili nimeigeuza kichwani mara nyingi. Naona kila mara tunaitumia kupima ukatili, ilhali inapima pia kitu kingine ambacho hatutaki kukitaja: jinsi sauti iliyowaita ilivyokuwa tamu masikioni mwao. Usipoionyesha sauti hiyo, hujaeleza kitu. Umebaki na makaburi tu.

Hawkes ameielewa kazi hiyo, na ameifanya kwa vitu vidogo kiasi kwamba ukipepesa jicho vinakupita. Anapokutana na Martha mara ya kwanza, anamtazama na kumwambia kwamba anafanana na mtu anayeitwa Marcy May. Ni hivyo tu. Hakuna ngurumo wala muziki wa kutisha. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, mtu wa makamo anayeuza nguo katika soko la Kibuye, alishusha pumzi na kusema, "Amempa jina. Amemchukua." Sisi wengine bado tulikuwa tunatabasamu.

Alijua alichokisema. Katika nyumba nyingi za Nyanza na Magharibi, jina halipewi ovyo. Mtoto wa Kijaluo hubeba saa aliyozaliwa, awe Otieno wa usiku au Achieng' wa jua kali. Hubeba pia jina la marehemu aliyekuja kulidai ndotoni. Kwa Waluhya, babu aliyekufa hurudi kwa jina la mjukuu. Anayekupa jina anakuonyesha nafasi yako katika ukoo, na kwa hiyo anadai kuwa mzee wako. Hawkes analitoa jina lile kama mtu anayekupa kikombe cha chai. Uzito wake unausikia baadaye, pale Martha anapokaa nyumbani kwa dada yake na haijui tena ile sehemu yake iliyokuwapo kabla ya jina hilo.

Halafu kuna meza. Filamu inaanza na wanaume wa shamba wakila huku wanawake wakisubiri, wanaume wakimaliza wanaondoka, ndipo wanawake wanakaa. Kwa mtazamaji wa Marekani nadhani picha hiyo peke yake ni kengele. Kwetu haikulia. Jaduong' mmoja, yaani mzee wa heshima, aliyekuwa pale, ambaye kila mtu alimpisha kiti kizuri alipoingia, alisema baadaye kwamba kwa baba yake walikula vivyo hivyo na hakuona la ajabu. Alikuwa mkweli, na ukweli wake ulinisaidia kuona jinsi filamu hii inavyofanya kazi. Patrick hakuleta sheria mpya kutoka mwezini. Anajenga kwa matofali yaliyopo tayari: heshima kwa mkubwa, kazi ya mikono, chakula cha pamoja, nguo za kugawana, nyumba isiyo na mpweke. Kila kipande ukikishika peke yake ni kizuri au ni cha kawaida. Jaduong' alikaa kimya kidogo, kisha akaongeza kwamba kwa baba yake, hata hivyo, hakuna msichana aliyenyweshwa kitu usiku.

Ndiyo, kwa sababu hayo pia yamo. Msichana mgeni hunyweshwa dawa, hupelekwa kwa Patrick, hubakwa, na asubuhi wanawake wenzake humwambia kwamba amepata bahati. Filamu haimpi Hawkes nafasi ya kupendeza hapo. Na wimbo, ule uliomtoa dada yetu nje, unakuja baada ya usiku huo. Mpangilio huo ndio ninaoutetea kuliko kitu kingine chochote. Wimbo wenyewe ni wa Jackson C. Frank, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1999, na Hawkes, ambaye ni mwanamuziki pia, anauimba kwa sauti yake mwenyewe. Patrick anamwambia msichana kwamba ni wimbo wake. Anaimba vizuri kwelikweli, na uso wa Martha unalainika.

Unajua alichomfanyia. Umekiona kwa macho yako. Bado unasogeza kiti.

Mwigizaji dhaifu angetukonyeza hapo. Angeweka tabasamu la pembeni, au angebana jicho kidogo, ili tujue kwamba yeye kama mtu mwema hayuko upande wa Patrick. Hawkes anakataa kujisafisha kwa gharama yetu. Anamwimbia msichana kana kwamba anampenda, na naamini Patrick anadhani anampenda, na ndiyo maana nywele zilinisimama. Baadaye, baada ya kundi kuvunja nyumba ya watu na mtu kuuawa, Martha anatetemeka na Patrick anakuja kumtuliza. Anamwelezea kifo hatua kwa hatua: kifo kinaleta woga, woga unaamsha mwili wote, mwili ulioamka ndio uliopo kweli, na kuwapo kweli ndio upendo. Sikiliza sauti yake hapo. Ni ile ile ya wimbo, haijapanda wala kushuka hata kidogo. Ungetoa maneno ukabakisha mdundo wake, ungedhani baba anambembeleza mtoto alale.

Inasaidia kukumbuka alikotoka Hawkes. Mwaka mmoja kabla alikuwa Teardrop katika Winter's Bone, mjomba anayetisha tangu unapomwona, anayemkamata binti wa ndugu yake kwa nguvu, kisha mwishowe ndiye anayesimama naye watu wengine wanapomgeuka. Kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar. Ukiziweka filamu hizo mbili pamoja unaona mtu yule yule, mwili ule ule mwembamba, akitusomesha jambo moja kutoka pande mbili: mara hatari ilikuwa ganda na ndani mlikuwa na ulinzi, mara ulinzi ni ganda na ndani mna hatari. Macho peke yake hayakutosha kututofautishia.

Kuna kauli moja ambayo wanaodai kwamba filamu inampamba Patrick huisahau. Patrick humvika Martha kilemba cha ukoka, akimwambia kwamba yeye ni mwalimu na kiongozi. Ukiwa umelelewa bila mama wala baba wa kukutazama, maneno hayo yanaingia mfupani. Sasa subiri. Kule kwa dada yake, wanapogombana, Martha anamfokea Lucy kwamba yeye ni mwalimu na kiongozi. Patrick hayupo kwenye skrini. Yuko mbali kilomita nyingi. Lakini Olsen anayatoa maneno yale kwa namna ambayo unamsikia Hawkes kooni mwake, na Lucy, dada wa damu, anamtazama kama mgeni. Hapo ndipo deni la ule utamu wote linapolipwa. Kama Hawkes hakutuvutia kwenye wimbo, sentensi ile ingesikika kama ya kichaa. Kwa kuwa alituvutia, tunajua ilikotoka, na tunaona aibu kwa kumfahamu Martha kuliko dada yake anavyomfahamu.

Nakubali kwamba Durkin angeweza kuwapa wanawake wengine wa shamba lile zaidi ya walichopewa. Nakubali pia kwamba kuna watu ambao hawafai kuitazama, na kwamba anayeionyesha ana wajibu wa kuwaambia mapema kilichomo. Sisi hatukufanya hivyo vya kutosha siku ile. Lakini hayo ni makosa ya kupanga hadithi, na ya wenye projekta. Kuyatupia mwigizaji ni kumwadhibu kwa kuwa mkweli.

Dada aliyetoka nilimkuta chini ya veranda mvua ilipopungua, anasubiri bodaboda. Nilimwomba radhi. Hakutaka radhi. Alitaka kujua Patrick alifanya nini baada ya wimbo. Nikamsimulia: kwamba anakuja msichana mwingine mgeni, mdogo, na safari hii Martha mwenyewe ndiye anayemwandaa. Ndiye anayempa kinywaji. Anamwambia maneno mazuri yale yale aliyoambiwa yeye.

Alinyamaza muda mrefu. Bodaboda ilifika, akaipungia mkono isubiri. Akaniambia kwamba miaka michache nyuma alikuwa katika kanisa moja dogo, hakulitaja na sikumwuliza, ambako nabii alimpa jina jipya na kumwambia ana kipawa. Alikaa miezi saba. Mwezi wa tatu alimleta mdogo wake.

"Mimi ndiye nilimpikia chai siku ile," alisema.

Mdogo wake alitoka baadaye kuliko yeye, na hadi leo wakikutana nyumbani hawalizungumzi. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, alisema niandike, ila niandike pia kwamba hajabadilisha neno lake: wimbo ule ni mrefu mno, na angependa wangeukata nusu.

Kisha akavaa kofia ya pikipiki, akapanda.