Wasomaji wa “naomba PDF”

Mimi huandika hadithi za mapenzi, huzichapisha mwenyewe na kuziuza kupitia WhatsApp, ambapo msomaji hutuma shilingi 2,000 kwa simu, nami humtumia sehemu mpya kila inapokamilika. Kinachonikera si yule anayesema hana fedha, kwa maana huyo nitamvumilia hadi mwisho wa mwezi. Ni yule anayenunua nakala moja, akaimwaga katika kundi lenye mamia ya watu, kisha akarudi kwangu usiku wa manane kunilaumu kwamba nimechelewesha sehemu inayofuata. Wapo hata wanaofuta jina langu kwenye jalada, wakabandika namba zao za simu na kuiuza kwa nusu bei, ilhali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapoandikwa. Nikilalamika, huambiwa nishukuru kwa kuwa wananitangaza. Wananitangaza kwa nani, ikiwa kila aliyefikiwa na tangazo hilo amekwisha kusoma hadi ukurasa wa mwisho? Na ajabu ni kwamba hao hao ndio hunipigia simu wakidai mhusika mkuu aolewe na kijana tajiri wa Masaki, si yule fundi seremala niliyemchagulia. Maoni ya wasomaji nayapokea kwa moyo mkunjufu, lakini seremala wangu haachwi kwa amri ya mtu ambaye hajalipia hata sura ya kwanza.