Kumtafuta elki: nunua stendi kwanza

Anayejiandaa kuwinda elki, kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, kwenye milima ya Colorado nchini Marekani huuliza mapema sana: darubini ya macho mawili ya kukuza mara 10 au mara 15? Kwa maoni yangu, fedha ianzie kwenye stendi ya miguu mitatu. Darubini ya 10x42 (hukuza mara 10, lenzi ya mbele ni milimita 42) iliyofungwa kwenye stendi hufichua wanyama ambao 15x56 ya mkononi huwapita, kwani kadiri inavyokuza mlima ndivyo inavyokuza na mtetemo wa mikono.

Elki dume huweza kuzidi kilo 300, lakini akilala msituni huonekana kipande tu. Usitafute mnyama mzima. Tafuta mstari wa mlalo kati ya mashina yaliyosimama wima. Huenda ni mgongo. Tafuta shingo ya hudhurungi iliyokoza, ncha ya pembe inayometa, sikio linalotikisika, na zaidi ya yote matako meupe. Jina lake jingine, wapiti, ni la Washawnee, kabila la wenyeji wa Amerika, na limetokana na weupe huo.

Keti ng'ambo ya bonde kabla hapajapambazuka. Anza na malisho ya wazi, maana jua la Septemba likipanda elki huingia kwenye kivuli cha miteremko inayotazama kaskazini. Kisha pitia mlima mstari kwa mstari. Tuliza darubini, macho ndiyo yatembee ndani ya duara, hadi ukingoni, kwa sekunde 10 hivi. Ukisogeza, bakiza robo ya ulichokwisha kukiona. Wengi hukosea hapa: huipeleka darubini bila kituo, na picha nzima ikienda, jicho halinasi sikio linalocheza.

Kichwa kikiuma baada ya nusu saa, kagua diopta, yaani pete inayosawazisha tofauti ya macho yako mawili. Ziba lenzi ya kulia, fanya picha ya kushoto iwe kali kwa gurudumu la kati. Kisha ziba ya kushoto na uzungushe pete ya jicho la kulia hadi picha iwe kali.

Darubini ya bunduki isitumike kutafutia kamwe. Ukiitumia, mtutu unakielekea kitu usichokijua, na huenda ni mtu.

Tena, maeneo mengi ya Colorado huruhusu tu dume mwenye matawi 4 kwenye pembe moja, au tawi la paji (linaloota chini kabisa ya pembe, karibu na paji la uso) lisilopungua inchi 5. Hesabu hiyo haifanyiki kwa picha inayotetemeka.